Unga wa Mtama kwa Likizo ya Lyon

Umbilo, Durban
19 Januari 2025

Mdogo wangu Eddy,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa goti la shemeji yako Zénon, ambalo limeamua kustaafu kabla ya mwenyewe. Bado anaendesha lori la makontena pale bandarini. Anakaa foleni getini tangu alfajiri, na akirudi jioni anapanda ngazi zetu huku anazitukana moja moja. Joto ni kali, umeme upo, Mungu asifiwe. Mwanangu Anaïs amepata kazi ya kudumu ya uhasibu. Yule mchumba wake Pierre-Claver, kijana wa ofisi ya meli, alikuja Krismasi na wazazi wake, wakala, wakanywa, wakauliza tarehe ya harusi. Nimewaambia wavute subira kidogo, maana kijana bado anatafuta nyumba.

Najua unashangaa kupata barua pepe ndefu hivi badala ya sauti ya WhatsApp. Eish, Eddy! Nikifungua sauti zako saluni, wateja wote wanakata maongezi wanasikiliza. Juzi ulikohoa tu, mama mmoja niliyekuwa namsuka akasema, "Huyo kaka yako anahitaji tangawizi." Kwa hiyo kuanzia leo tuandikiane. Na tuandikiane Kiswahili chetu cha Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura. Kifaransa chako siku hizi kinanikimbia.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuja Ufaransa likizo. Cheka kwanza, umalize, halafu endelea kusoma. Nina miaka hamsini na mbili, nimesuka vichwa vya nusu ya South Beach, na sijawahi kusafiri kwenda mahali popote isipokuwa kukimbia. Kutoka Bujumbura kwenda Kigoma hatukuiita safari. Kutoka Kigoma mpaka huku ndiyo kabisa, hata jina haina. Nataka kwenda mahali nikiwa na sanduku ambalo nimelipanga mwenyewe, nguo zimekunjwa.

Sitaki mambo makubwa. Nataka kuona vitu vya kale, kanisa moja zuri, jumba la makumbusho ambalo halitanichosha, na nile vizuri nikiwa nimekaa, mtu mwingine akiosha vyombo. Wewe unapika mgahawani, unajua watu wa mfuko mdogo wanavyokula vizuri huko. Nipangie. Nafikiria Septemba, wanasema nauli za ndege zinashuka.

Zénon anasema yeye haji, atalinda nyumba na goti lake.

Dada yako anayekupenda,
Aurélie

Nilikuwa nasahau. Unga wa mtama mwekundu unapatikana huko kwenu? Nauliza tu.


Lyon
2 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki, baridi ya mwaka huu imenikalia kifuani, na ndiyo, nimekunywa tangawizi, mwambie huyo mama. Kazi iko. Mpishi mkuu amepata mtoto, kwa hiyo analala kwa zamu na sisi tunabeba jiko. Mpe shemeji pole ya goti. Anaïs mpe hongera, na huyo Pierre-Claver mwambie nyumba hazitafutwi kwa macho, zinatafutwa kwa miguu.

Likizo. Sikucheka hata kidogo, nilifurahi mpaka nikaunguza kitunguu. Nisikilize vizuri.

Kwanza, achana na Paris. Paris inakula watu wa likizo asubuhi na jioni. Njoo moja kwa moja Lyon, huu ndio mji wa tumbo, na Septemba umechagua vizuri kwa sababu watalii wamerudi makwao na jua bado lipo.

Pili, usile usiku, kula mchana. Mgahawa ni uleule, mpishi ni mimi yuleyule, lakini mchana kuna plat du jour, chakula cha siku hiyo, na bei yake haitishi. Usiku wanawasha mshumaa mezani, halafu mshumaa unaulipia wewe. Mchana nitakulisha quenelle, maandazi laini ya samaki ndani ya mchuzi mzito. Utasema ni chakula cha wagonjwa, halafu utaomba nyingine. Usiku tutakula mkate na jibini ya mbuzi. Jumapili kuna soko kando ya mto Saône, na saa ya kufunga wauzaji wanakuwa wapole sana, wanakutilia nyanya na zabibu kikapuni kuliko kurudi nazo nyumbani.

Tatu, usipande treni za haraka. Panda zile za mkoa zinazosimama kila mahali. Dijon jumba lao la sanaa halina kiingilio, unaingia kama unaingia kanisani. Karibu zaidi kuna Vienne, mji mdogo wenye hekalu la Warumi, zima, limesimama katikati ya maduka. Tena kuna wikiendi moja ya Septemba ambapo majumba ya serikali na nyumba za mabwana wa zamani zinafunguliwa kwa kila mtu bure. Utaingia kwa meya wewe na kitenge chako.

Malazi, kuna vyumba vya kukodi karibu na stesheni ya Part-Dieu. Ni safi, bei ya kawaida, na kifungua kinywa kimo. Ukitaka nitakushikia kimoja.

Nakusalimu sana,
Eddy


Umbilo, Durban
9 Machi 2025

Eddy,

Sisi wazima. Zénon mzima. Anaïs mzima.

Chumba karibu na stesheni?

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaona pengine ni macho yangu mabovu. Nikampa Zénon asome kwa sauti, akacheka pale kwenye maandazi ya samaki, halafu akafika stesheni akakunja uso. Eddy, mimi nilale hoteli katika mji ambao wewe una kitanda? Nikirudi huku wanawake wa kanisa wakiniuliza ulilala wapi kwa mdogo wako, niwajibu nini? Part-Dieu? Nilikubeba mgongoni mpaka ukawa na ndevu. Kama una mwanamke ndani ambaye hutaki nimwone, sema, nitamletea shanga. Kama nyumba ni chafu, mimi ninafagia nywele kila siku ya Mungu, sitazimia. Kama ni ndogo, tulilala saba kwenye mkeka mmoja na wewe ulikuwa unakojoa.

Tena hao wa viza wanataka karatasi ya kukaribishwa inayotoka ofisi ya meya wako, iliyoandikwa kwamba nitafikia kwa ndugu yangu. Niiombe kwa nani? Kwa mwenye hoteli?

Mengine yote nimeyapenda. Nimewasomea wateja habari ya mshumaa, wamecheka sana. Valérie anayenisaidia saluni anataka kujua kama hiyo jibini ya mbuzi inanuka mbuzi.

Hukunijibu kuhusu unga. Na Septemba, Eddy, itakuwa miaka miwili tangu Mama atuache. Hulisemi hili hata siku moja.

Nakungoja,
Aurélie


Lyon
25 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa kunisubiri. Nilianza barua hii wakati wa Pasaka. Mti wa chini ya dirisha langu haukuwa na jani, sasa siuoni mtaa kwa sababu yake.

Sina mwanamke ndani. Nyumba siyo chafu. Ni chumba kimoja na jiko, na utalala kitandani, mimi nitatandika jikoni. Ofisi ya meya nimekwenda, karatasi imetoka, nimeiambatisha hapa chini. Yale ya hoteli nisamehe. Niliogopa ukilala kwangu tutazungumza usiku, na nilijua tutazungumza nini.

Maana mtu anayekuja Ufaransa kula vizuri haulizi unga wa mtama, Dada. Unafikiri nimekuwa Mfaransa kiasi hicho? Nilipofika kwenye mstari ule wa mwisho nilijua likizo yako inakwenda wapi. Mtama ni wa pombe, na pombe ni ya kuanua matanga. Unataka kunikalisha, unipe bakuli, nisimame kama mtoto wa kiume niseme kilio cha Mama kimekwisha, kila mtu arudi kwenye maisha yake.

Siwezi.

Nyinyi mlimwosha. Mlimvalisha, mlikesha naye, mliimba, Zénon alishika jeneza, mlitupa udongo kwa mikono yenu. Mimi karatasi zangu zilikuwa zimekwama, na siku ile nilikuwa kazini. Nilipika plat du jour. Ilikuwa kuku. Jikoni hakuna aliyejua, na mimi sikuwaambia, kwa sababu ningeanza kusema ningeangusha sufuria. Ile video mliyonitumia bado iko kwenye simu, sijaifungua. Nikibadilisha simu huwa naihamisha, ikiwa imefungwa vilevile.

Nyinyi mnataka kumaliza, mna haki. Mimi bado sijaanza.

Njoo, Dada. Njoo kwa likizo, nakuomba sana, nimeshaomba ruhusa kazini, nimeshajua tutakula nini Jumatatu na Jumanne. Lakini usije na mtama.

Eddy


Umbilo, Durban
1 Juni 2025

Eddy wangu, mtoto wa Mama,

Nimeisoma saluni, kosa langu. Nimelia na kitana mkononi, mteja wangu amekwenda nyumbani nusu kichwa kikiwa wazi, na hakuna aliyenilaumu.

Basi nikuambie wazi. Ndiyo, ilikuwa hivyo. Wewe ndiye mtoto wa kiume pekee, neno la kuanua ni lako. Baba mdogo Cyprian alisema kutoka Bujumbura kwamba yeyote anaweza kulisema, hata Zénon. Nilikataa. Nikasema matanga ya mama yetu Nahimana yatakaa mpaka mwanawe ayaanue mwenyewe, hata nyumba hii ikae bila sherehe miaka mingapi. Nikafikiri nikikulisha kwanza, nikakuchekesha, neno litatoka. Ujanja wa dada mkubwa. Sikujua kwamba mwenzetu uko mlangoni bado, hujaingia hata msibani.

Sitaleta mtama. Nakuahidi mbele ya Mungu. Nakuja kula.

Karatasi yako nimeichapisha, nimeipeleka pamoja na zile zangu zote, na kitabu changu cha kusafiria. Dada wa pale dirishani akaniuliza, lengo la safari? Nikasema, kula. Akaniangalia. Nikaongeza, na makumbusho. Akagonga muhuri. Sasa tunasubiri.

Anaïs anakusalimu, mjomba wake. Nyumba ya Pierre-Claver bado haijapatikana, ndiyo maana harusi haina tarehe. Unajua nyumba za Durban.

Pika chochote isipokuwa kuku.

Dada yako,
Aurélie


Lyon
17 Agosti 2025

Dada,

VIZA! Nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye basi, nikapiga kelele, mzee mmoja akanipongeza bila kujua kwa nini. Nimekununulia mto mpya. Nyumbani salamu kwa wote, shemeji na goti lake, Anaïs, Valérie (mwambie ndiyo, inanuka mbuzi). Leta sweta moja, na viatu vya kutembea, siyo vile vyako vya Jumapili. Nitakuwa uwanja wa ndege kabla ya ndege yenyewe.

Eddy


Umbilo, Durban
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Nimefika salama, kama ulivyosikia. Zénon alikuja kunipokea na lori, eti gari la Pierre-Claver liko gereji. Nimepita mji mzima nimekaa juu kule kama malkia, na sanduku langu linanuka jibini. Sharp tu, kama wasemavyo huku, mambo poa. Saluni wamening'ang'ania mpaka nimewaonyesha picha zote, ile ya meya mara mbili. Mlango wake una dhahabu kuliko madhabahu yetu, na mimi nimesimama mbele yake na kitenge! Quenelle nimewaeleza, hawajaelewa. Nimejaribu kuipika kwa samaki wa huku. Zénon alikula kwa heshima.

Ulinilisha, Eddy. Sijawahi kukaa mezani mchana, siku ya kazi, mtu akaniuliza kama nimeshiba. Siku ya kwanza pale mgahawani kwako nilitafuta mahali pa kuweka mikono. Siku ya nne nilikuwa naegemea kiti kama mwenye mji.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Vienne. Hatukuzungumza baadaye, na wewe ulikuwa umefunika uso, kwa hiyo nikuambie nilichokiona mimi.

Lile hekalu kweli limesimama katikati ya mji kama robot, zile taa za magari, za Umbilo Road, watu wanalipita na mikate yao. Ulikuwa unanieleza habari za Warumi, unajua kweli, nilikuwa najivuna. Ukaingia duka la pembeni, ukatoka na ile tati, keki yao bapa ya rangi ya waridi, vipande vitatu ndani ya boksi. Nikakuuliza cha tatu cha nani. Ukasema, bila kufikiri, "Mfungie Mama." Halafu ukasimama. Mikono yako ikashuka, boksi likaanguka upande, ukakaa kwenye ngazi za lile jengo, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwako tangu ulipokuwa mtoto na homa.

Sikukuambia nyamaza. Hilo nalishukuru sana, kwamba Mungu alinifunga mdomo. Nilikaa chini pembeni yako, nikavua viatu, nikakunja miguu, nikakufunika mabega kwa kitenge, kama tunavyokaa msibani. Jiwe lilikuwa la moto. Watu walipita. Watoto walituangalia wakavutwa mkono. Bibi mmoja wa Kifaransa, mwenye mbwa mdogo, alisimama akaniuliza kitu. Nikamwambia, "C'est notre mère." Akainamisha kichwa, akaenda, akarudi na chupa ya maji, akaketi ngazi ya chini yetu, mbali kidogo, bila neno. Alikaa na sisi mpaka kivuli kikatufikia. Hatukujua jina lake. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekuja kwenye matanga yako, Eddy, naomba umkumbuke.

Ulimlilia Mama jioni nzima. Treni zikapita. Uliniuliza alisema nini mwisho, nikakuambia. Uliniuliza alikuwa amevaa nini, nikakuambia, lile gauni la kijani. Ukaniuliza kama alikutaja. Na mimi nikakujibu, na nitakujibu tena kila ukiuliza: alikutaja kila siku, na hakukutaja hata mara moja kwa lawama.

Nilikuja na neno langu mdomoni, nimerudi nalo. Sikukuomba, na sikuombi. Mtu hawezi kulia leo halafu kesho aambiwe yatosha. Chukua muda wako wote. Huku hakuna haraka yoyote. Pierre-Claver bado anatafuta nyumba.

Nakupenda sana,
Aurélie


Lyon
2 Novemba 2025

Dada yangu mwongo,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimerudi kulala kitandani kwangu, mto wako nimeuacha pale ulipouacha.

Jumapili iliyopita nilimpigia Anaïs baada ya kumtumia ile picha yako ya kwa meya. Nikamtania, nikamwambia mchumba wako amekosa nyumba Durban nzima, basi mhamie kontena la baba. Nikasikia anavuta pumzi. Akasema, "Mjomba, nyumba iko. Iko Glenwood. Tuna funguo tangu mwaka jana." Nikamuuliza, sasa mnasubiri nini? Hakutaka kusema, umemlea vizuri, nilimbana mpaka akalia. "Tunakusubiri wewe, Mjomba. Mama amesema nyumba yenye matanga haichezi harusi, na wewe usiharakishwe. Amewaambia wazee wa Pierre-Claver wangoje. Wameanza kukasirika."

Wewe Aurélie! Ulikaa kwenye meza yangu, ukala, ukacheka, ukaangalia mito na makanisa, ukanifunika kitenge jioni nzima, na muda wote harusi ya mwanao ilikuwa imekwama kwenye koo langu. Ukarudi nyumbani ukaniandikia hakuna haraka. Nimekukasirikia siku mbili. Baadaye nikakaa jikoni, pale nilipokuwa nalala ulipokuja, nikafungua ile video. Nimeitazama yote. Nimemwona Zénon na jeneza. Nimekuona wewe unatupa udongo, halafu unainama unachukua mwingine, unatupa tena, na nikaelewa ule wa pili ulikuwa wangu.

Kwa hiyo waite watu. Waite wa kanisa, wa saluni, wazee wa Pierre-Claver wakae mbele, Baba mdogo Cyprian awe kwenye simu. Simama wewe, siyo Zénon, usome haya kwa sauti yako yote:

Mimi Eddy, mtoto wa kiume wa Nahimana, niko mbali na ninasema kwa mdomo wa dada yangu. Nawashukuru mliomwosha mama yetu. Nawashukuru mliokesha, mlioimba, mliochimba, mliompikia dada yangu aliposhindwa kusimama. Mlifanya kazi yangu wakati sikuweza kufika. Leo nawarudishia nyumba yenu. Aliyeacha kucheza acheze. Aliyeficha nguo yake nzuri aivae. Anayeoa aoe. Matanga ya Nahimana nimeyaanua.

Ukimaliza, kaa chini, Dada. Umesimama muda mrefu.

Mimi peke yangu bado. Nimeanza pale kwenye ngazi, na sijui nitafika lini. Lakini kilio changu nitatembea nacho, hakuna haja ya watu kukaa gizani wakinisubiri. Panga tarehe, uniambie, safari hii karatasi zangu ziko sawa. Nitakuja nikiwa bado ninalia, na msione haya. Mnikalishe mbele, upande wa bibi harusi, kwenye kiti ambacho Mama angekaa.

Mdogo wako,
Eddy